Maharage yanapopukutisha maua, nani wa kulaumiwa?

NI asubuhi ya mwezi wa nne. Katika shamba dogo nyuma ya nyumba, huko Mombo chini ya milima ya Usambara, maua yamelala ardhini. Ni meupe na ya zambarau, mengi kama vile mtu amepita usiku akatikisa kila shina. Juu ya mashina yamebaki majani ya kijani yaliyonawiri, na vikonyo vitupu.

Aliyelima ni mkamwana wa nyumba hiyo. Mbegu alipewa na mama yake mzazi kule juu Lushoto, mbegu ambayo kwa mama yake hujaza magunia kila msimu. Hapa, siku ya arobaini tangu ipandwe, ilichanua hadi majirani wakasifia. Kisha maua yakaanza kuanguka. Mama mkwe hamwambii kitu usoni. Anazungumza na wifi, jikoni. Swali linalozunguka ni moja: je, alipita shambani akiwa katika siku zake? Lipo na la pili, zito zaidi, linalosemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu mwaka jana mimba ya binti huyo iliharibika ikiwa na miezi mitatu.

Kisa hiki hakina jina la mtu kwa sababu si cha mtu mmoja. Ni mfano tu, na ukibadilisha Mombo kwa Kilosa au Voi, na maharage kwa karanga, kitabaki vilevile. Mwiko wa kumzuia mwanamke mwenye hedhi au mja mzito asikatize kwenye shamba la karanga, maboga au maharage unajulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wapo pia wanaotaja jicho la jirani aliyesifia. Na katika nyumba nyingine mume humgombeza mkewe kwamba amechuma mno majani ya mboga. Hilo la mwisho, tofauti na mengine, lina ukweli ndani yake.

Maua mengi, maganda machache

Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hazijaambiwa ni kwamba mimea ya jamii ya kunde hupukutisha maua hata pale ambapo kila kitu kiko sawa. Maharage yaliyopandwa kwenye udongo mzuri, mvua ya kutosha na baridi yake, bado yanaweza kuangusha zaidi ya nusu ya maua na maganda machanga. Kunde hupoteza zaidi: si ajabu maua manane katika kila kumi kuanguka. Mbaazi ndiyo kinara, kwani shina linaweza kutoa mamia ya maua na kubaki na sehemu moja ya kumi tu. Soya nayo imo humo humo. Hata kwenye vituo vya utafiti, penye mbolea na umwagiliaji wa kupimwa, maua huokotwa chini.

Kwa hiyo anayeona maua ardhini hajaona msiba bado. La kuangalia ni kilichobaki juu.

Sababu ya utaratibu huu ni gharama. Ua ni kitu rahisi kwa mmea: vipetali vyepesi, maji mengi, siku moja au mbili za kuchanua basi. Mbegu ni ghali. Punje ya maharage ina protini karibu robo ya uzito wake. Maganda yanapoanza kujaa, mmea hunyonya naitrojeni kutoka kwenye majani yake wenyewe na kuipeleka kwenye mbegu. Ndiyo maana shamba la maharage hugeuka manjano na kupoteza majani wakati maganda yanakomaa, hata kama mvua bado inanyesha. Mkulima huona shamba limezeeka. Kilichotokea ni kwamba mama amejimenya ili awalishe watoto.

Mmea hauwezi kujua mapema kama mwezi ujao utakuwa wa mvua au wa jua. Hivyo huchanua maua mengi kuliko uwezo wake, kisha hupunguza kadiri hali inavyojionyesha. Ikiwa mvua ni nzuri, mengi hubaki. Ikikatika, huachia. Maua yaliyotangulia kuchanua, yale ya chini kwenye kila kichala, ndiyo yenye bahati. Yanayofuata hukuta chakula kimeshaanza kuliwa. Jambo hili linaweza kuonekana hata nyumbani: ukichuma maua ya mwanzo ya shina moja la kunde, yale ya nyuma ambayo yangeanguka mara nyingi hubaki na kufunga. Wanaolima maharage ya kuchumwa mabichi wanalijua kwa vitendo. Wakichuma kila baada ya siku mbili tatu, mmea huendelea kuchanua. Wakiacha maganda yazeeke shinani, maua mapya hukoma.

Kuanguka kwenyewe hufanyika kwa utaratibu, mahali pamoja. Kwenye shina la kila kikonyo kuna mstari mwembamba wa chembe hai zilizotengwa kwa kazi hiyo. Ganda changa lenye mbegu zinazokua hupeleka homoni iitwayo oksini kupitia kikonyo, mfululizo, na maadamu homoni hiyo inapita, mstari huo hukaa kimya. Mbegu zikifa au zikikosa chakula, oksini hupungua. Hapo gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi zilizofukiwa, hupata nguvu. Gundi inayoshikanisha chembe hizo huyeyushwa, na upepo mdogo tu unatosha kuangusha ua. Hakuna jeraha linalobaki, kovu dogo tu lililokwisha kuzibwa.

Ndani ya ganda moja

Ua la maharage huanza kazi kabla halijafunguka. Chavua, ule unga wa manjano, humwagikia ndani kwa ndani usiku au alfajiri, wakati vipetali bado vimefumbata. Kwa hiyo kwa kawaida maharage hayangoji nyuki. Ndiyo sababu pia mbegu ya bibi hubaki ileile miaka na miaka bila kuchanganyika sana na ya jirani.

Ndani ya kiganda kichanga, kilicho kifupi kuliko ukucha, vimejipanga vijiyai vinne, sita au zaidi kwa mstari. Kila kimoja kinahitaji chembe yake ya chavua. Ganda la mbegu sita ni watoto sita waliotungwa kila mmoja kivyake, ingawa mama ni mmoja. Mirija ya chavua huingilia nchani, mbali na kikonyo. Vijiyai vilivyo karibu na ncha hurutubishwa kwanza, na vile vya upande wa kikonyo mwisho.

Mtu angedhani aliye karibu na kikonyo ndiye mwenye nafasi nzuri, maana chakula kinaingilia hapo. Kwenye maharage mara nyingi ni kinyume. Wa upande wa ncha wameshatangulia kukua, na wakubwa huvuta sukari nyingi kuliko wadogo. Wa upande wa kikonyo, ingawa wamekaa mlangoni mwa jiko, ndio wanaovia zaidi. Watoto wanaosaidia kumenya maharage mabichi wanaweza kuhesabu wenyewe: wafungue maganda ishirini, waangalie ni upande gani kuna kijipunje kilichosinyaa kama kichwa cha pini.

Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo. Yai lililoatamiwa lisitoe kifaranga huitwa yai viza, na mbegu iliyokoma kukua ndani ya ganda imevia. Ganda lenyewe halisubiri. Hurefuka karibu hadi mwisho katika wiki mbili hivi za mwanzo, wakati mbegu bado ni ndogo, na kujaa huja baadaye. Ndiyo maana ganda refu linalopendeza machoni linaweza kuwa na vyumba vitatu vitupu. Anayepima mavuno kwa kutazama maganda kwa mbali hujidanganya.

Mbegu hulishwa kwa namna ambayo akina mama wataitambua. Hakuna mshipa wa mmea unaoingia moja kwa moja ndani ya kiinitete. Sukari hufika kwenye ngozi ya mbegu, hutolewa hapo, na mtoto huifyonza mwenyewe. Ngozi hiyo ni ya mama. Rangi ya punje ya maharage, iwe nyekundu, ya njano au yenye madoadoa, ni rangi ya nguo ya mama, na hizo nusu mbili zilizomo ndani ndizo mtoto. Kwa hiyo mbegu zote za ganda moja huvaa nguo moja, hata kama mmojawapo ndani yake amechanganya baba.

Ushindani huo wa ndugu ndani ya ganda umechunguzwa sana nchini India. Mwaka 1988 wanasayansi K. N. Ganeshaiah na R. Uma Shaanker wa Bangalore walichapisha kazi yao kuhusu mti uitwao Dalbergia sissoo, ambao ni ndugu wa mpingo. Ganda lake huanza na vijiyai vinne au vitano, lakini mara nyingi hukomaza mbegu moja tu. Waligundua kwamba mbegu ya nchani, iliyotangulia kurutubishwa, hutoa kemikali inayowazuia wadogo zake wasivute chakula. Kwa mti ambao maganda yake hubebwa na upepo, ganda lenye mbegu moja ni jepesi na huruka mbali. Mpingo wenyewe, huo unaochongwa vinyago na kutengenezewa zumari za Ulaya, nao una maganda membamba kama karatasi, yenye mbegu moja au mbili.

Siku kumi kabla

Sasa turudi Mombo, maana pukutiko la kawaida ni jambo moja, na shamba zima kubaki bila ganda ni jingine.

Lushoto mjini ni kwenye mwinuko wa karibu meta 1,400. Mombo, mwendo wa kilometa 33 hivi za barabara ya kona, iko chini kwa karibu meta elfu moja. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila meta elfu moja mtu anapopanda. Aliyeteremka na mbegu yake kwenye basi amebadilisha hali ya hewa ndani ya saa moja na kidogo.

Maharage ya kawaida asili yake ni nyanda za juu za Meksiko na milima ya Andes, Amerika Kusini. Yalifika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kupita katika pwani hii, na yakapata makazi sehemu zinazofanana na kwao: Usambara, Arusha, Mbeya, Kagera, Kigoma, na nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi. Hayapendi joto la mchana linalozidi nyuzi 30. Kinachoyaumiza zaidi ni joto la usiku. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 20, chavua huharibika. Shina hukua, majani hutanda, maua huchanua kwa fahari, lakini ndani ya ua chavua ni kapi.

Na hapa ndipo mashtaka ya jikoni yanapovunjika. Chavua ya ua haitengenezwi siku ua linapofunguka. Hutengenezwa wakati ua bado ni kitumba kidogo cha kijani ambacho hakuna mtu anayekiangalia, yapata siku kumi kabla. Usiku wa joto wa wiki iliyopita ndio uliokwisha kuamua. Ua likifunguka, jirani akalisifia, mkamwana akapita katikati ya matuta kwenda kuteka maji, jambo lilikuwa limeshapita. Wa mwisho kuonekana shambani ndiye anayepewa kesi, na wa mwisho hahusiki. Hedhi haina njia ya kuingia kwenye kitumba cha maharage. Sifa ya jirani nayo haina.

Hata hilo linalosemwa kwa sauti ya chini linastahili kujibiwa, kwa kuwa maneno hayo huvunja ndoa. Mwanamke si mharage, na mimba ya binadamu haipimwi kwa shamba. Lakini madaktari wanajua kwamba mimba nyingi huharibika katika miezi mitatu ya mwanzo, na kwamba karibu nusu ya zinazoharibika wakati huo zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu zilipotungwa, kasoro ambayo hakuna aliyeileta kwa kubeba ndoo au kwa kukosana na mkwe. Aliyepatwa na hilo anahitaji kituo cha afya, mapumziko, na watu wa nyumbani wasiomhesabia. Kumzuia kuingia shambani hakumtibu yeye wala hakusaidii maharage.

Mboga ya leo au maharage ya mwezi ujao

Ugomvi wa majani ndio wenye mantiki, na unagusa sufuria moja kwa moja. Majani ya kunde ni mboga ya nyumba nyingi, na sehemu nyingine hata majani ya maharage huchumwa. Mwezi wa nne ni wakati ambao ghala limeisha na mahindi mapya hayajakomaa. Mama anachuma kwa sababu watoto watakula ugali na nini?

Wakati ndio unaoleta tofauti. Majani machanga yakichumwa kwa kiasi kabla ya maua, kunde huchipua mengine na hasara ni ndogo. Yakichumwa wakati wa maua na maganda machanga, kila jani lililoondoka ni kiwanda cha sukari kilichofungwa siku ileile maganda yanapoanza kudai. Mmea hufanya hesabu yake na kuangusha. Kwa hiyo mume anayelalamika kwamba mboga imekula mavuno anaweza kuwa sahihi, ila mara nyingi amesahau kuuliza kama kulikuwa na hela ya kununua dagaa. Baadhi ya kaya hutenga matuta mawili matatu ya kunde kando kwa ajili ya mboga tu, na kuyaacha mengine yasiguswe tangu kitumba cha kwanza kionekane. Ni mpango wa gharama ndogo, na unamaliza maneno.

Jembe nalo. Kupalilia wakati maharage yamechanua hukata mizizi ya juu juu hasa siku ambazo mmea unahitaji maji kuliko wakati wote, na kupita shambani majani yakiwa na umande husambaza magonjwa kama kutu na chule. Palizi imalizike kabla ya maua. Huenda hata mwiko wa zamani wa kutokatiza shambani wakati wa maua ulishika ukweli huo kwa mkia, ukamwangushia mwanamke peke yake kitu ambacho kilimhusu kila mwenye miguu.

Wadudu pia hufanya maua kuanguka, na kuwatambua hakuhitaji darubini. Afisa ugani atachuma ua, alifungue juu ya kiganja au karatasi nyeupe. Vikitembea vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi, hivyo ni vithiripi, na kwenye kunde wanaweza kukausha vitumba kabla havijafunguka. Likionekana tundu na kinyesi cha funza, huyo ni kiwavi mtoboa maganda. Wapo pia kunguni wafyonzao maganda. Wao hufyonza mbegu kupitia ukuta wa ganda, na mavuno hutoka na punje zilizokunjamana. Dawa ya wadudu inapolazimu, inyunyizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi, na muda wa kusubiri kabla ya kuchuma mboga uheshimiwe, kwani majani hayohayo yanaelekea jikoni.

Kuna pia wauza chupa. Kila mnada una mtu mwenye maji ya rangi ya kijani anayeahidi kuzuia maua yasianguke. Ikiwa udongo una upungufu wa fosforasi, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kama DAP au ile ya Minjingu inayotoka Manyara, itasaidia mizizi na maua, na inawekwa shimoni siku ya kupanda. Samadi mbichi nyingi au urea kupita kiasi huleta majani tele na maua machache. Lakini kutoa fedha ya karo ya mtoto kununua chupa dhidi ya pukutiko ambalo lingekuwepo hata hivyo ni kutupa fedha.

Karanga zenye ganda tupu

Karanga zina aibu yake ya pekee. Maua hayaanguki kwa namna ya kutisha, mmea unastawi, na siku ya kung'oa maganda ni mengi. Ukiyatikisa, hayana kitu. Mama aliyekwisha ahidi gunia kwa mnunuzi hujikuta na magamba.

Karanga huchanua juu ya ardhi, kisha ua likirutubishwa kikonyo hurefuka kama sindano, kikaingia udongoni, na ganda hukua gizani. Kalisiamu, madini ambayo mbegu inayahitaji ili isivie, husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yanayopanda kuelekea majani. Ganda lililo chini ya udongo halitoi mvuke, hivyo kalisiamu ya mizizini hailifikii vya kutosha. Ni lazima lifyonze lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Udongo wa juu ukiwa wa kichanga uliochujwa na mvua, au wenye tindikali, au mkavu wakati wa kujaa, mbegu huvia na ganda hubaki tupu. Aina zenye punje kubwa huathirika zaidi.

Tiba inayojulikana ni jasi, ileile inayochimbwa Makanya wilayani Same na kutumika kwenye saruji, ikinyunyizwa juu ya udongo kando ya mashina wakati karanga zinachanua. Chokaa ya kilimo husaidia penye tindikali, ikiwekwa mapema. Kiasi hutegemea udongo, na kipimo cha udongo ni rahisi kuliko msimu uliopotea.

Kiinitete kilichookolewa

Kwa maharage, joto linazidi kupanda milimani pia, na wataalamu wa mbegu hawajakaa. Jangwani kaskazini mwa Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani kuna maharage madogo yaitwayo tepari, yanayofunga maganda kwenye joto ambalo ya kawaida hayawezi. Kuyachanganya ni kazi. Chavua ikikubali na mimba ikatungwa, kiinitete cha mchanganyiko huanza vizuri kisha huvia ganda likiwa changa, kwa sababu mbegu haiwezi kukilisha. Watafiti hupasua ganda kabla siku hizo hazijafika, hukitoa kiinitete kidogo kuliko punje ya mtama, na kukilea ndani ya chupa ya kioo yenye sukari na madini hadi kiwe mche. Ni mtoto njiti wa maharage. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha CIAT, chenye makao yake Kolombia, kilitangaza aina 30 za maharage zinazostahimili joto, baadhi yake zikiwa na damu hiyo ya tepari.

Mbegu za namna hiyo zikifika madukani, bado mkulima wa mwinuko wa chini atakuwa na njia nyepesi aliyoikuta kwa wazee: kunde, choroko, mbaazi na fiwi, mimea iliyozoea usiku wa joto. Wazee wa pwani hawakuacha kulima maharage kwa uvivu. Waliona maua chini.

Na ikiwa mkamwana wa Mombo atapanda kunde msimu unaofuata, nyumba nzima ijiandae. Asubuhi moja yatakuwepo tena maua ardhini, pengine mengi kuliko yale ya maharage. Safari hii mama mkwe ainame, atazame chini ya majani. Kwenye kila kichala, baada ya maua yote yaliyoanguka, huwa panabaki maganda mawili, mara chache matatu, yameelekea pande mbili kama pembe. Hayo ndiyo mavuno. Maharage ya njano ya Lushoto yataendelea kuja kwenye basi, kwenye mfuko, kutoka kwa mama mzazi.